Kungwi Aliyerudisha Muvi

Katika miaka yote niliyouza muvi hapa Mafiga, wateja wamenirudishia flashi kwa sababu za kila namna. Picha inakwama, sauti haiendi na midomo, mtu kaomba ya vita kapewa katuni. Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa akirudisha muvi kwa sababu mwisho wake ni mbovu, na huyo alikuwa kungwi wangu. Alifika asubuhi kabla sijamaliza kufagia, akakaa kwenye benchi, akavua kandambili na kuzipanga vizuri, kisha akangoja salamu. Hakuanza ugomvi kabla ya kuamkiwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniuzia uongo."

"Uongo gani tena?"

"Yule dada wamemkimbiza msitu mzima, miguu peku, miiba yote kakanyaga yeye. Mwisho anaamka kitandani, kumbe alikuwa anaota! Sasa mimi nimekesha kwa ajili ya mtu aliyelala?"

Nikamwingizia nyingine. Alijua fika kwamba hiyo nyingine itakuwa mbovu vilevile, na mimi nilijua, lakini aliifunga flashi kwenye pindo la kanga na kwenda zake ameridhika kabisa. Sijapata kuona mtu anayefurahia kukasirishwa kama yule bibi. Nilipomwekea muvi nzuri, ya mapenzi au ya mahakamani, aliirudisha bila neno na kuniuliza kama nimekasirika naye.

Yeye alitaka za kutisha tu, na katika za kutisha alikuwa na majina yake mwenyewe. Kulikuwa na za nyumba ya bei poa, ambamo baba, mama na watoto wawili wanahamia jumba kubwa msituni na hakuna anayeuliza mbona limeuzwa rahisi. Kulikuwa na za mdoli. Kulikuwa na za kioo, ambamo dada ananawa uso, anafungua kabati la bafuni, analifunga, na nyuma yake kuna mtu. "Ananawa tena huyu," alikuwa akisema. "Angekuwa anaoga kwa ndoo kama sisi, angezeeka." Na kulikuwa na zile alizoziita za kumbe. Kumbe wote walikwisha kufa zamani, kumbe muuaji ni pacha wake, kumbe daktari ndiye mwendawazimu. Za kumbe ndizo zilizompandisha presha, na ndizo alizoziulizia kwanza.

Mbwa wa kwenye muvi hizo aliwaheshimu. Alisema mbwa ndiye mwenye akili katika nyumba ile, ndiyo maana anauawa kwanza. Wenye nyumba aliwasikitikia kwa sababu hawana majirani. "Mtoto analia, milango inajipigapiga, hakuna hata mtu wa kuja kuomba chumvi achungulie? Hawa hawakuuawa na shetani, wameuawa na kukaa mbali." Na mchumba akionekana mpole kupita kiasi, akimshika dada mkono na kumwambia asiogope, kungwi, ambaye mchana aliziangalia palepale bandani kwangu, alinyoosha kidole kwenye runinga: kikulacho ki nguoni mwako. Hakukosea hata mara moja, isipokuwa siku ile muuaji alipokuwa mchungaji, na siku hiyo alidai kwamba watengenezaji wamebadili mwisho baada ya kusikia kwamba watu wameshawajua.

Niseme sasa yeye alikuwa nani kwangu, maana bila hilo utadhani ninasimulia vichekesho vya mteja.

Kwetu milimani, upande wa Matombo, msichana akifikia umri wake huwekwa ndani, akawa mwali, akakabidhiwa kwa kungwi wa kumfunza adabu na mambo ya utu uzima. Siku hizi ni likizo ya shule tu. Yanayofunzwa mle hayasemwi nje na mimi sitayasema. Nitasema moja tu, ambalo kila mtoto wa kwetu analijua kwa sababu linasikika mpaka barabarani. Jua likizama, nje ya nyumba ya mwali kuna kitu kinacholia. Si simba, si fisi, si mtu. Mwali anaambiwa ni mnyama, na kwamba mnyama huyo anamjua yeye kwa jina. Anakaa kwenye mkeka, meno yanagongana, na mnyama anazunguka nyumba. Siku ya kutolewa, kabla ya ngoma na kabla ya kuvikwa kanga mpya, kungwi anamwita kando na kumwonyesha kilichokuwa kikilia. Akishaonyeshwa ni mtu mzima, basi. Anajua, na yeye naye hasemi.

Mimi sikuonyeshwa. Nilikuwa ndani, mnyama amekwishalia jioni za kutosha kuninyima usingizi, mama yangu akafariki. Alikuwa akiumwa tangu mavuno. Nilitolewa kwa mlango wa nyuma, nimefunikwa gubigubi, nikapelekwa moja kwa moja msibani bila ngoma wala kanga. Baada ya arobaini mjomba akanileta mjini. Ikaja shule, ikaja ndoa, likaja banda la muvi. Kwa desturi yetu anayeweza kukuonyesha ni kungwi aliyekuweka ndani, hakuna mwingine. Na mwanamke ambaye hajaonyeshwa haingii katika nyumba ya mwali, hata kama mwali huyo kamzaa mwenyewe.

Hapo ndipo penye mwiba. Binti yangu Zena alikuwa amefikia. Shangazi zake walikwisha kusema Desemba, shule zikifungwa. Na mimi, mama mtu, ningekaa uani na wapishi na watoto wadogo, nikisikia wanawake wenzangu wakicheka ndani na mwanangu, mpaka siku ya mwisho.

Dawa ilikuwa imekaa kwenye benchi langu, imevua kandambili, inalalamika juu ya mdoli. Ningeweza kumwomba siku yoyote. Sikumwomba, na sababu yake naona aibu kidogo kuisema. Niliogopa mwisho utakuwa mbovu. Ukiuza muvi za kutisha kwa miaka, unajifunza kwamba kilichoko nyuma ya mlango ni kizuri mpaka mlango ufunguliwe. Ukifunguliwa ni mtu kajipaka unga. Mnyama wangu alikuwa amelia kichwani mwangu zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa kitu cha mwisho nilichokipata kwetu kabla mambo hayajaharibika. Sikutaka kuonyeshwa unga.

Naye hakunisukuma. Kungwi hamwombi mwali. Alihamia mjini kwa mwanawe, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mara ya kwanza aliponiona nimesimama kwenye banda langu alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe uko huku, mwali." Miaka yote hiyo, mbele ya wateja na mbele ya mume wangu, aliniita mwali, mimi mwenye watoto na unene. Watu walidhani ni utani wa bibi.

Alikuwa mtu wa swala tano. Adhana ya alasiri ikianza katikati ya muvi, hata kama dada yuko darini na tochi imezimika, aliinua mkono. "Simamisha." Nikasimamisha. Mara nyingi picha ilikwama palepale shetani amejitokeza, mdomo wazi, macho meupe. Yeye alivua kanga yake moja, akaifunika runinga yote vizuri mpaka pembeni, akatandika mkeka na kuswali. Nilimuuliza siku moja kama anaogopa shetani wa picha atamwona.

"Aone nini? Mimi namsitiri," alisema. "Kafunua domo hivyo, na hajui atasubiri mpaka saa ngapi."

Huo ndio uliokuwa upande wake nilioupenda kuliko yote. Aliwahurumia waliotisha na waliotishwa. Lakini usidhani alikuwa jasiri. Siku moja, mvua imetoka kupiga, kinyonga alitoka kwenye michongoma akaanza kuvuka sakafu ya banda langu kwa ule mwendo wake wa kufikiri. Bibi aliyekula njugu mbele ya watu waliochunwa ngozi alipanda juu ya benchi, akapanda na meza ya kompyuta, akaita, "Mulungu wangu! Mtoeni! Mtoeni!" mpaka fundi cherehani wa jirani akaja na ufagio. Kinyonga alichukua muda wake kuondoka. Kungwi alishuka, akajifunga kanga upya, akanikataza kucheka. Alisema kinyonga ni jambo tofauti, ana macho mawili yanayotazama njia mbili, na mtu wa namna hiyo hana nia njema.

Uchungu wake na muvi haukuwa kwamba hazitishi. Hilo alizisamehe. Alisema kutisha si kazi, hata ng'ombe anatisha akikukuta njia nyembamba. Kilichomuudhi kilikuwa namna zinavyokwisha. Dada anatoka mbio katika jumba linalowaka moto, anakaa chini barabarani, tunapumua, halafu mkono unachomoka kwenye udongo na kumkamata mguu, muziki, majina ya watu. Kungwi aligeuka akanitazama mimi, muuzaji.

"Mwali hajatolewa," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Alilisema kwa muvi za msituni na za hospitalini, za kwetu na za ng'ambo. Kwake yeye, mtu ukishamfungia ndani na kumtia hofu, umejifunga naye. Huwezi ukazima taa ukaenda kula. Lazima urudi umshike mkono, umwonyeshe alichokuwa akikiogopa, umvike, umtoe mbele ya watu wamshangilie. Waliotengeneza zile muvi walijua nusu moja tu ya kazi, na ile nusu waliibiana. Kila aliposema neno lile mimi niliinama kwenye kompyuta kutafuta kitu. Hakuwa ananisema mimi. Au alikuwa ananisema, sijui. Midomo yake ilikuwa haina hatia kabisa.

Kuna siku alikuja kijana wa Kihonda anaitwa Shabani, amevaa miwani ya jua, ameleta muvi yake mwenyewe niisambaze. Yeye na wenzake walikuwa wameipiga kwenye kiwanda kimoja kilichofungwa, inamhusu jini. Nikaiweka kwenye runinga, na bahati mbaya au nzuri kungwi alikuwa benchini. Jini alikuwa kajipaka unga wa muhogo, na alipokuwa akiruka kandambili zake zilionekana, moja ya bluu, moja ya kijani. Alimkimbiza kila mtu. Mwisho kumbe jini ni askari aliyekuwa akimtafuta jini, na kabla hatujalimeza hilo, kumbe askari mwenyewe yuko kitandani anaota. Kumbe mbili kwa mpigo! Nikafunga macho nikisubiri kungwi amchane kijana wa watu vipandevipande.

"Mwanangu," alisema, "umenitisha."

Nusura nianguke kwenye kiti. Shabani alivua miwani.

"Kweli bibi?"

"Kweli. Moyo umenienda mbio. Ila nikuulize. Yule mama muuza vitumbua, wa mwanzo, aliyetumbukia kisimani. Alitoka?"

Shabani alifikiri. "Yule, bibi, tulimsahau."

"Ni nani yule?"

"Mama yangu mkubwa."

"Umemtumbukiza mama yako mkubwa kisimani, ukamsahau?" Hakupaza sauti. "Nenda kamtoe, mwanangu."

Kijana aliondoka na muvi yake. Baada ya wiki kadhaa akarudi nayo, ameongeza kipande. Askari ameamka, ameoga, anakunywa chai, na nyuma yake, mbali, mama mnene anapanda kutoka kisimani, anajikamua kanga, anatazama huku na huku, halafu anauliza kwa hasira, "Nani kala vitumbua vyangu?" Hapo ndipo muvi ikaisha. Mafiga nzima waliikimbilia. Watu waliingiza kile kipande kwenye simu bila muvi yenyewe, na mpaka leo mtoto akiibiwa embe shuleni utamsikia akiuliza nani kala vitumbua vyake. Kungwi aliiangalia mara moja tu, mikono magotini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Shabani alipoondoka siku ile ya kwanza nilimshambulia kungwi. "Bibi, mbona umemdanganya? Eti umenitisha!"

"Sijamdanganya. Nilitishika kwa ajili ya yule mama."

Basi ndivyo alivyokuwa. Aliongea vibaya juu ya watu wa mbali na vizuri mbele ya mtu aliye karibu, na wala hakuona kasoro katika hilo. Kwa wasichana aliowafunza alikuwa mkali, walimwogopa kweli, nami nakumbuka kidole chake. Lakini wakishatolewa aliwatania na kuwapikia magimbi, na nilikuwa nikiwaona barabarani, wanawake wa rika langu, wakimtupia maneno ya mzaha ambayo mimi nisingethubutu. Walikuwa wamevuka upande wa pili. Mimi nilikuwa bado na shikamoo tu.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Alipata mtoto wa jicho, moja baada ya jingine, na hospitali ilimpangia tarehe zilizosogezwa kila mara kwa sababu ya sukari yake. Runinga ikawa ukungu. Hakuacha kuja. Alikaa palepale, akageuza sikio badala ya uso, nami nikawa nikimweleza kinachotokea. Sasa anashuka ngazi, bibi. Sasa kafungua mlango. "Mjinga," anasema. Niligundua kwamba naweza kusimulia vizuri, na ikifika mwisho, kama ni mkono kutoka udongoni, nilikuwa nikiuruka. Nilimwambia majirani walifika na tochi, wakamfunika dada blanketi, wakampeleka kwa mama yake, wakamchemshia uji.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

"Huo mwisho si wao. Ni wako."

"Umejuaje?"

"Wazungu msituni wapate wapi ulezi?" Akatafuta kandambili zake kwa mguu. "Lakini umemtoa vizuri."

Oktoba ilipokuwa inakwisha akaniambia kwamba mwanawe anampandisha milimani. Huko juu kuna hewa, kuna dada yake, na njia ya kwenda chooni anaijua bila macho. "Nikipanda sishuki tena," alisema, bila huzuni, kama mtu anayesema basi linaondoka asubuhi. Mlima wenyewe siku ile ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni. Nilikuwa na flashi ya mteja mkononi. Nikaiweka chini, nikatoka, nikaketi kwenye benchi, kitu ambacho sijapata kufanya nikiwa kazini.

"Bibi," nikamwambia. "Zena anawekwa ndani Desemba."

"Nimesikia."

"Nataka kuingia naye."

"Utaingiaje?"

Alitaka niseme. Nikasema yote kwa mkupuo. Kwamba nataka kuonyeshwa. Kwamba naogopa nikionyeshwa nitaona ni kitu cha kijinga, kama mdoli, kama unga wa muhogo, na nikishaona siwezi kuacha kuona. Kwamba afadhali mnyama asiyejulikana kuliko mnyama wa bure.

Nilidhani atakasirika. Alicheka, akanipapasa mpaka akapata goti langu. "Na mimi ninaogopa hilohilo," alisema. "Unadhani muvi zako naziangalia kwa uzuri wake? Wasichana wa siku hizi kila kitu wamekiona kwenye simu. Nikawa najiuliza, huyu wangu, wa kuundwa na mikono, atawafanya nini? Nikaja kuwaangalia mashetani wenu. Mmoja mmoja. Nipime."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Ikawaje?"

"Funga banda kesho mchana. Nitakuja na wenzangu."

Walikuja wazee watatu, yeye akiwa ameshikwa mkono katikati, na mmoja wao amebeba kitu kilichofungwa kwenye kanga. Mume wangu alimtazama kungwi, akanitazama mimi, akakumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kuonana naye Msamvu. Tuliingia chumba cha nyuma. Waliniketisha kwenye mkeka na kunifunika, na walifanya yanayofanywa. Mle ndani ya kanga nilikuwa na joto, na moyo wangu ulikuwa wa msichana. Halafu kungwi akasema, "Tazama."

Ni nini, sitasema. Nitasema tu kwamba kilikuwa kidogo. Ungeweza kukiweka kwenye kabati la vyombo na mgeni asiulize. Nilikitazama, na lile nililoliogopa likatokea palepale. Nikasema moyoni, ndicho hiki? Zaidi ya miaka ishirini, ndicho hiki? Sikusema kwa mdomo, lakini yeye hakuhitaji macho kuujua uso wa mwali.

"Subiri," alisema. "Hakijaisha."

Akashika mikono yangu, akaiweka juu ya kile kitu, na yake juu ya yangu.

"Wanaokiliza ni mashangazi," alisema. "Mama hakigusi. Ndiyo desturi, kwa sababu mama atamhurumia mtoto, hatamtisha sawasawa. Lakini mama yako alinitumia mtu. Alijua haponi. Akasema, mwanangu sitamwona akitoka, sitamwona akiolewa, nipeni hicho. Nikakataa. Akatuma tena. Basi tukambeba na kiti jioni, tukamweka nyuma ya nyumba, blanketi miguuni, na hawa wawili wanamshika mgongo. Jioni zote zile, mwali. Hakuna shangazi aliyekigusa. Aliyekuwa akilia nje ni mama yako."

Mmoja wa wale wazee alisema, "Alikuwa akicheka. Akisikia wewe unapiga kelele ndani, anacheka mpaka anakohoa."

"Na jioni ya mwisho kilikuwa kinalia chinichini," alisema mwingine. "Nguvu zilikuwa hazipo."

Nakumbuka jioni hiyo. Nilidhani mnyama anakaribia kuingia.

Sijui nililia kwa muda gani. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nililia kwa sababu sauti ya mama yangu ilikuwa imenisahau kabisa, yaani mimi ndiye niliyeisahau, wakati wote huo ilikuwa kichwani mwangu na nilikuwa nikiikimbia. Niliwaomba wakilize. Kungwi akakiliza, na nywele zikanisimama vilevile kama zamani, ingawa nilikuwa nakitazama. Nikaomba tena. Akakiliza tena. Niliomba mara nyingi kama mtoto anayeomba hadithi ileile, naye hakuchoka.

Kisha wakanivika kanga mpya, wakanishangilia kwa vigelegele vya chini, maana tulikuwa watu wanne tu na majirani wapo. Mimi na kungwi tukawa sawa. Alinitania neno moja ambalo haliandikiki, la mtu mzima kwa mtu mzima, na nikamrudishia, na wale wengine wakapiga makofi. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Sasa shika," akasema. "Umlilie wako."

"Si umesema mama hakigusi?"

"Nimesema ndiyo desturi," akajibu. "Nilishaivunja, nikaona haikuumia."

Akanionyesha pa kuweka kidole na jinsi ya kuvuta. Mara ya kwanza kilikoroma tu, wakanicheka. Mara ya pili kikashika. Kililia, kikubwa, kikajaa chumba na kutokea dirishani, na niliogopa mikono yangu mwenyewe. Nje mlango wa uani ukabamizwa. Nikakificha chini ya kanga, na wale bibi watatu wakatazama ukuta.

Zena alikuwa amerudi shule. Alisimama mlangoni na begi mgongoni, macho makubwa, soksi moja imeshuka.

"Mama, kitu gani kimelia humu ndani?"

"Salimia bibi zako kwanza," nikamwambia. "Mimi sijasikia kitu."

Akaamkia, mmoja mmoja, bila kuniondolea macho. Halafu akaenda kunawa mikono, na mlango akauacha wazi.